Kabla hujatupa tangazo kundini: namna ya kutafuta washiriki wa utafiti Lamu kupitia simu

Mtu akiandika "mimi nipo" chini ya tangazo la utafiti wa kifua kikuu katika kundi la WhatsApp la mtaa, siri yake imeshatoka, na fomu ya ridhaa hata hajaiona. Tumezoea kumlinda mshiriki kuanzia pale anapotia sahihi. Kwa mji kama Amu, yaani mji wa Lamu, hapo ni kuchelewa. Vichochoro vyetu ni vyembamba, nyumba zimegusana, na linalosemwa Langoni adhuhuri hufika Mkomani kabla ya alasiri. Ulinzi uanze tangu mtu anaposoma tangazo lako, hata kama hatakuja kushiriki kamwe.

Haya nayaandikia wanafunzi wa vyuo na wasaidizi wa utafiti, waliozaliwa hapa na wanaoshuka jeti ya Lamu kwa mara ya kwanza. Kazi ya kukusanya data nimeifanya miaka kadhaa. Kosa moja nililolifanya nitalieleza mbele, kwa sababu ndilo lililonifunza nusu ya yaliyomo humu.

Hatua ya 1: Jiulize nani hatalisoma tangazo lako

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu, visiwani na bara, pamoja na Mpeketoni, Witu na Hindi. Kaunti ni ndogo. Ukiwatoa wasio na simu janja, wasio na bando siku hiyo, na wanaoishi pahali ambapo mtandao unashika ukipanda juu ya dari tu, waliobaki ni vijana wa mjini, walimu, wafanyabiashara na watu wa hoteli za Shela. Hao si "wakazi wa Lamu", na ripoti yako isiwaite hivyo.

Mvuvi wa Kiwayu, mama wa Kiaweer (jamii ya msitu wa Boni) aliye Basuba au Mangai, bibi wa Siyu anayesomewa jumbe na mjukuu wake: hawa huwapati kwa posti. Kama swali lako linawahusu, panga kuwafuata kwa mashua na kwa miguu, na ulitie hilo katika bajeti tangu mwanzo. Kuna watafiti wanaochagua mtandao kwa sababu ni rahisi, kisha wanaandika kwamba wamechagua mtandao kwa sababu unafikia wengi. Usifanye hivyo. Haki ya kusikika ni sehemu ya maadili sawa na haki ya kufichiwa siri.

Hatua ya 2: Vibali, pamoja na kibali cha tangazo lenyewe

Utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Kabla ya leseni utapitia kamati ya maadili iliyoidhinishwa; kwa upande wetu wa Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi kinayo. Ukifika Lamu, piga ripoti kwa kamishna wa kaunti, kisha kwa chifu na mzee wa mtaa, na kama unazungumza na wavuvi, kwa viongozi wa BMU, yaani kamati ya wavuvi, ya bandari yao ndogo. Mtandao haukuondolei hatua hizi.

Wengi hukosea hapa: huipelekea kamati hojaji na fomu ya ridhaa, halafu tangazo wanaliandika wenyewe usiku mmoja kabla ya kazi. Peleka kila neno litakaloonekana mtandaoni. Peleka posti, picha, maneno ya ujumbe wa sauti, hata jibu utakalompa mtu akiuliza "hii ni nini?" Ukibadilisha maneno baadaye, rudi kamatini.

Pia iko Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, na ya jambo mahususi, na mtu anaweza kuiondoa wakati wowote. Habari za afya imeziweka katika data nyeti. Data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72. Wala usidhani aliyeko Ulaya akituma linki tu yuko nje ya sheria hii: inamfuata hata asiye Kenya, mradi anashughulikia data za watu walioko Kenya.

Hatua ya 3: Chagua pahali pa kutangaza kwa kuangalia nani anamwona nani

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo nilipoteleza.

Nilikuwa msaidizi katika utafiti kuhusu wanawake ambao mimba zao ziliharibika. Vibali vilikuwa kamili, vyote na mihuri yake. Nililitupa tangazo katika kundi la WhatsApp la mchezo, kundi la akina mama tunaochangishana pesa kila mwezi, nikiamini kwamba ni la wanawake watupu na hapana tatizo. Baada ya dakika chache msichana mmoja, ndoa yake haijafika mwaka, akajibu kwa emoji ya mkono ulionyanyuliwa. Hakuandika neno. Lakini mle kundini alikuwamo mama mkwe wake, na wifi zake wawili, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba alipata mimba ikatoka. Nilifuta tangazo langu. Ule mkono sikuweza kuufuta. Kesho yake alinijia nyumbani, akasimama mlangoni bila kuingia, akaniambia, "Dada, umenianika." Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Barua ya kibali iliyokuwa katika mkoba wangu haikusema popote nini kifanyike mtu akijibu mbele ya watu, kwa sababu sikuwa nimeuliza.

Tangu hapo, kabla ya kutangaza popote mimi huuliza maswali matatu. Mtu akijibu hapa, nani ataona? Mtu akisoma tu asijibu, nani atajua kwamba amesoma? Na tangazo likifowadiwa, litatua wapi?

Kundi la WhatsApp ni baya kwa swali la kwanza: kila mmoja huona nambari ya mwenzake, na skrinishoti haichukui sekunde mbili. Ukilazimika kulitumia, mwombe adimini afunge kundi kwa muda ili adimini pekee ndio waweze kuandika, na tangazo lenyewe lianze kwa maneno "tafadhali usijibu hapa". Ukurasa wa Facebook una nafuu kidogo, maana waweza kuzuia maoni, lakini "like" hubaki na jina la mtu hubaki. Kwa mambo ya siri mimi naona stetasi ya WhatsApp ndiyo bora: wanaoitazama hawaonani, na anayejibu, jibu lake huja kwako peke yako. Kasoro yake ni kwamba huonekana na wale tu mliohifadhiana nambari, na hupotea baada ya saa 24, basi itabidi uirudie na uwaombe watu wachache unaowaamini waiweke katika stetasi zao. Wao pia uwaambie: mtu akiwajibu wao, wampe nambari ya utafiti, wasimhoji.

Kuhusu adimini. Mpe tangazo alisome, umweleze utafiti, akubali au akatae. Lakini idhini yake ni ya kuingia mlangoni tu. Haimfungi mwanachama yeyote. Na muangalie ni nani. Kama adimini ndiye muuguzi wa zahanati, au mwalimu wa watoto wao, au anayeshika pesa za mchezo, neno lake lina uzito ambao mama wa kawaida hawezi kuukataa kwa urahisi. Huyo mwombe aliweke tangazo kisha anyamaze. Asiite watu kwa majina, wala usimwambie kamwe nani alikuja na nani hakuja, hata akikuuliza kwa mapenzi mema.

Kuna na jambo la kuingia makundi kwa kujificha. Yapo makundi ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ya wanaojinasua na unga (dawa za kulevya), ya wazazi wa watoto wenye ulemavu. Watu wameyaunda ili wapate pahali pa kupumua. Kuingia humo kama mwenzao, ukanakili nambari, kisha ukawatumia ujumbe mmoja mmoja, ni wizi wa aina yake. Hata kama linki ya kujiunga iko wazi. Kukubali masharti ya mtandao si kukubali utafiti wako. Januari 2012 Facebook ilibadilisha kwa wiki moja kile walichokiona watu 689,003 kwenye kurasa zao, ili kupima hisia zao. Hawakuulizwa, walihesabiwa wameridhia kwa sababu walifungua akaunti. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014, jarida lililoyatoa lenyewe lilichapisha tamko la wasiwasi wake kuhusu ridhaa hiyo.

Hatua ya 4: Andika tangazo ambalo mtu anaweza kulisoma mbele ya mumewe, mkwewe au mwalimu wake

Hicho ndicho kipimo. Tangazo litaje mada kwa upana, na vigezo vya ndani viulizwe faraghani. Upana lakini usiwe uongo: ukisema "utafiti wa afya ya uzazi" na mtu akija kumbe unauliza juu ya mimba zilizotoka, umwambie hilo katika sentensi zako za kwanza, kabla hajakueleza chochote, ili aweze kuondoka.

Usimwandikie msomaji kana kwamba unamjua. "Je, unaishi na kisukari?" ni swali linalomnyooshea mtu kidole. Hata kanuni za matangazo ya kulipia za Facebook na Instagram zinakataza tangazo linalodokeza kwamba msomaji ana ugonjwa fulani. Andika habari ya utafiti, msomaji ajitambue mwenyewe.

Yako maneno ya kuepuka kwa sababu za hapa hapa. "Tunaandikisha wavuvi" ni moja. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Tangu hapo, orodha yoyote yenye neno "wavuvi" husomwa kuwa ni orodha ya fidia. Ukitumia neno "kujiandikisha" utapata mamia, na wengi watakuja na matumaini ambayo huwezi kuyatimiza. Sema waziwazi: "Huu si uandikishaji wa fidia, na kushiriki hakutakupa wala kukunyima fidia." Neno "damu" nalo lina historia. Sisi tumelelewa na visa vya mumiani, wale wanaosemwa huwanyonya watu damu, na wazee hawajavisahau. Kama utafiti wako unachukua damu, eleza kiasi kwa vijiko, eleza inapelekwa wapi, na eleza lini itatupwa.

Mfano ninaoutumia ni kama huu:

"Assalam alaikum. Mimi ni msaidizi wa utafiti wa chuo kikuu (jina la chuo). Tunazungumza na akina mama wa miaka 18 na zaidi kuhusu huduma za afya ya uzazi hapa Lamu. Mazungumzo ni kama dakika 40, kwa simu au pahali utakapopachagua. Tafadhali usijibu hapa wala usimtaje mwenzako. Ukitaka kujua zaidi tuma neno HABARI kwa nambari hii, kisha ulifute ukipenda. Kuuliza si kukubali. Usipojibu hakuna atakayejua, na huduma zako hospitalini hazitabadilika. Kibali nambari (…), malalamiko kwa kamati ya maadili: (simu)."

Neno HABARI limechaguliwa kwa sababu halisemi kitu. Simu ikishikwa na mtu mwingine, hakuna cha kufahamu.

Kwa picha, usiweke ya mwanamke yeyote wa mji, hata akiwa na buibui na mgongo umegeuzwa. Watu humjua mtu kwa mwendo na viatu. Picha ya ngome au ya mashua inatosha. Halafu, kabla ya kutangaza, wape watu watano au sita wa rika mbalimbali walisome kwa sauti, wakuambie wamefahamu nini. Wenzetu wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi, walioanza mwaka 1989, wana wawakilishi wa jamii wanaopelekewa mambo kama haya kwanza. Mwanafunzi hana mtandao kama huo, lakini baraza la jioni analo.

Hatua ya 5: Pokea watu kwa simu ya utafiti, si simu yako

Nunua laini nyingine. Picha ya akaunti isiwe na nembo ya ugonjwa wala jina la utafiti. Mtu akikuandikia, swali lako la kwanza liwe: "Simu hii ni yako peke yako, na ni saa gani nzuri ya kukupigia?" Hapa simu moja huzunguka nyumba nzima: mtoto anaichezea, mume anaitumia kupokea pesa, dada anaangalia vichekesho. Ujumbe wako utaonekana juu ya kioo kabla haujafunguliwa. Kwa hiyo maswali ya kuchuja yaulize kwa kupiga, usiyaandike. Akisema "siyo sasa", mwambie asante na ungojee yeye akutafute.

Ridhaa isome kwa mdomo, kwa Kiswahili anachokisema yeye, hata kama fomu iko kwenye linki. Watu hubonyeza "nakubali" kama wanavyobonyeza kila kitu. Kama unatumia Google Forms, kagua mipangilio kabla hujatuma: ile ya kukusanya anwani ya barua pepe izimwe, na ile ya kuzuia mtu asijibu mara mbili humlazimisha kuingia kwa akaunti yake, jambo linalomtisha kwa haki.

Wanaotumia unga, na walioguswa na mambo ya usalama tangu shambulio la Mpeketoni la 2014, usiwaombe jina kabisa. Usilolishika halitatolewa, hata ukija kulazimishwa.

Hatua ya 6: Usimfuate mtu, na usimtumie mtu kumvuta mwenzake

Umemwona mama ameandika Facebook kwamba amempoteza mtoto wake. Anafaa kabisa utafiti wako. Usimwandikie. Huyo alikuwa akilia mbele ya jamaa zake, na wewe ukimjia na "nimeona posti yako" utamfundisha kwamba kilio chake kilikuwa kikisomwa na wageni. Wala usichungulie ukurasa wa aliyekubali ili kuhakikisha umri au ndoa yake, muulize mwenyewe.

Na kamwe usiseme "mtagi rafiki yako". Kisa cha Cambridge Analytica kilianza kwa mtafiti wa chuo kikuu aliyewaalika watu kujibu chemsha bongo ya tabia kwenye Facebook. Waliokubali walikuwa kama 270,000. Data zilizochukuliwa zilikuwa za watu wafikao milioni 87, kwa sababu kila aliyekubali alifungua mlango wa marafiki zake bila kujua. Mshiriki akitaka kumwambia mwenzake, ampe nambari yako kimya kimya, na mwenzake ajitafutie. Wewe usipokee nambari ya mtu ambaye hajakupa mwenyewe.

Hatua ya 7: Malipo

Rudisha nauli na fidia muda, basi. Anayetoka Pate au Kizingitini kwa boti ametumia pesa na siku nzima, na kumwacha arudi mikono mitupu ni dhuluma. Lakini kiasi kikitangazwa kwa herufi kubwa, watu watakuja kwa ajili ya kiasi, wengine kwa laini tatu tofauti na umri wa kubuni, na mwenye dhiki hataweza kukataa swali linalomuumiza.

Jambo linalosahauliwa: ukimtumia mtu kwa M-Pesa, jina lake la usajili hukutokea, nawe hubaki na rekodi. Utafiti uliouita "bila majina" umeshakuwa na majina yote. Mpe mshiriki chaguo la salio la simu, ambalo halionyeshi jina, au taslimu mkononi. Rekodi za malipo ziweke mbali na majibu.

Hatua ya 8: Walio chini ya miaka 18

Mtandaoni huwezi kujua nani anakujibu. Kama hukupewa kibali cha kuzungumza na watoto, andika umri katika tangazo, uulize mwaka wa kuzaliwa badala ya "una miaka 18?", na ukishuku, acha. Kama unacho kibali, anza kwa mzazi ana kwa ana. Kwa watoto mimi sitangazi mtandaoni kabisa.

Hatua ya 9: Funga ulichofungua

Kazi ikiisha, ondoa matangazo yote, ujitoe katika kila kundi uliloingia kwa ajili ya utafiti, na usiweke zile picha za "tunawashukuru akina mama wa Faza" zenye sura za watu. Nimeziona picha kama hizo, za watafiti waliokuwa makini miezi sita, wakaharibu yote kwa posti moja ya furaha.

Ukiandika ripoti, ngoja kabla ya kutaja. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa data za kurasa za Facebook za wanafunzi wa chuo kimoja, majina yameondolewa; haikuchukua muda chuo kikajulikana kuwa ni Harvard, kwa maelezo madogo madogo tu yaliyobaki. "Mwalimu wa kike, miaka 34, kisiwa cha Ndau" ni mtu mmoja, na kila mtu anamjua. Na maneno mtu aliyoyaandika mtandaoni usiyanukuu neno kwa neno. Yakitafutwa yatampeleka msomaji hadi mlangoni kwake.

Matokeo yarudishe. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu, kwa Kiswahili, uupeleke kule kule ulikotangaza, na mkutano mdogo Mkunguni au katika baraza la mtaa kwa wasio na simu, bila kumtaja wala kumwita aliyeshiriki. Kisha mwandikie kila mshiriki kwa saa aliyokuambia ni nzuri, bila kutaja mada: "Asante. Ile kazi imekwisha. Baada ya ujumbe huu nafuta nambari yako, na laini hii itabaki wazi miezi mitatu ukiwa na neno." Halafu uifute kweli, kwenye simu, kwenye daftari na kwenye ile nakala uliyomtumia msimamizi wako.